Waya wa Breki

Alfajiri kidole changu huamka baada yangu.
Vinne vimefunguka; hiki cha shahada
kimejikunja kiganjani kama mgeni
aliyelala na viatu.
Nakivuta kwa mkono wa kushoto.
Kinakataa, kinakataa, halafu — tak! —
na maumivu yanapanda hadi kiwikoni.

Mwanakombo hahitaji tena saa ya mezani.
"Umeshafyatua," husema, akageukia ukutani.

Bunduki sijawahi kuigusa, hata manati.
Mimi ni fundi baiskeli, Barabara ya Kumi na Tano, Ngamiani,
miaka ishirini na sita chini ya bati moja.
Nimeshika spana, plaizi, pampu ya mkono,
nimekaza spoki za nusu ya mji huu,
za wauza boflo, za walimu, za watoto wanaopanda watatu,
na kila nati niliyoikaza, sikujua,
nayo ilikuwa inanikaza.

Msikitini ndiko kilikoniaibisha.
Tahiyatu, wenzangu wamenyoosha kidole kumshuhudia Mmoja,
changu kimeinama kama kinakana.
Nikakivuta kwa siri. Tak!
Safu nzima ikasikia.
Alipotoa salamu upande wangu, Hizza
alikuwa anauma mdomo asicheke.

Wanasema kidole kimoja hakivunji chawa.
Sawa. Lakini kimoja kinaweza kuvunja siku:
kifungo cha shati, kufuli la banda,
kikombe ambacho mkono umegoma kukiachia.

Shangazi alileta mafuta ya karafuu, akanichua,
akaagiza kila asubuhi nikinyooshe kwa nguvu.
Nikakinyoosha. Kikavimba zaidi.

Bombo nilikwenda mwezi wa nne, mvua inamwagika.
Daktari Nakijwa, mwembamba, kucha fupi,
akabonyeza kiganjani, pale shina la kidole lilipo,
nikaruka.
"Gusa mwenyewe. Kuna fundo."
Kweli: punje, kama choroko,
ikitembea chini ya ngozi kila nilipokunja.
"Kano hupita ndani ya ala," akasema.
"Kano lako limevimba, mlango wa ala umebana.
Kuingia linaingia. Kutoka sasa..."
Nikamkatiza: "Daktari, huo ni waya wa breki."

Akaweka kalamu chini.
Nikamweleza: nyuzi zikifumka karibu na mdomo wa ganda,
unabana breki, inashika; unaachia, haiachii.
Mwenye baiskeli anaisukuma hadi kwangu, jasho linamtoka.
"Na wewe hufanyaje?"
Kwanza asiitumie. Kisha tone la mafuta, palepale mdomoni.
Ikishindikana natia tupa, naupanua mdomo kidogo.
Akacheka hadi muuguzi akachungulia.
"Basi umeshajiandikia cheti."

Akanipima sukari kwanza. Ilikuwa juu,
na hilo nalo likawa na safari yake,
chai kavu, uso mkavu.
Kisha banzi, wiki sita.
Kijana wangu Mbelwa akashika spana,
nami nikaketi kwenye kigoda nikielekeza,
kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya:
kumwona mtu akikaza nati kombo
na mikono yangu imekaa mapajani.

Banzi likapunguza, halikumaliza.
Ikaja sindano, palepale kwenye fundo.
Sitadanganya: niliita mama,
na mama tulishamzika mwaka juzi.
Kisu tumekiweka akiba.

Siku ya kumi na moja, kabla ya adhana,
vidole vitano vilifunguka pamoja.
Nikakunja. Nikafungua.
Nikakunja tena, nikingoja.
Gizani Mwanakombo akauliza, "Umeamka?"
Nikasema ndiyo.
"Mbona sijakusikia?"